Kumtafuta Babu wa Kiairishi: Anza na Kitongoji

Ukikaa Ireland hata muhula mmoja utakuwa umeshakutana nao: Wamarekani, Wakanada na Waaustralia waliofunga safari kuja kutafuta kwao. Wako maktaba, wako makaburini na miavuli yao, wako baa wanamuuliza kila mzee kama amewahi kumsikia fulani aliyeondoka mwaka 1850. Sisi tunacheka kidogo, tusidanganyane. Kwetu mtu mzima anayeulizia babu yake katoka wapi huonekana kama hana shangazi, au anaye ila hawasemezani.

Sasa mambo yamegeuka, maana na sisi tumo. Wapo wenzetu ambao babu au bibi mmoja alikuwa mtu wa hapa, aliyekwenda Kenya, Uganda au Tanganyika kwa kazi ya ofisi, reli, shule au hospitali. Wapo waliooa na kuolewa hapa, na watoto wao wataulizia pande zote mbili. Na wapo ambao swali lenyewe ni la pasipoti, tuseme ukweli. Sheria ya Ireland inamruhusu mtu ambaye babu au bibi yake alizaliwa ndani ya kisiwa cha Ireland kuomba uraia kwa kujiandikisha katika Daftari la Vizazi vya Nje. Baba wa babu hatoshi, isipokuwa kama mzazi wako alishajiandikisha kabla wewe hujazaliwa. Na kwenye habari hizi hadithi za nyumbani, hata ziwe tamu vipi, hazipokelewi dirishani. Wanataka karatasi. Ndiyo maana nimeona nieleze karatasi hizo ziko wapi, zipi hazipo, na namna ya kuzifikia bila kujikuta umebeba babu wa mtu mwingine.

Moto wa 1922

Kila utakayemuuliza hapa ataanza na msiba huu. Ofisi ya Kumbukumbu za Umma ilikuwa ndani ya eneo la mahakama za Four Courts, kando ya mto Liffey, Dublin. Aprili 1922 wapiganaji walioupinga mkataba na Uingereza waliyateka majengo hayo. Tarehe 28 Juni jeshi la serikali mpya likaanza kuyapiga mizinga, na tarehe 30 ukatokea mlipuko mkubwa na moto. Kumbukumbu za karne saba zikaenda kwa siku moja, na vipande vya karatasi vilivyoungua vikawa vinaanguka mitaani kama majivu ya shamba la miwa.

Ndani yake zilikuwamo sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851, ambazo leo zimebaki vipande tu. Zilikuwamo wosia. Zilikuwamo pia daftari za ubatizo, ndoa na mazishi za Kanisa la Ireland, yaani Waanglikana, ambazo sheria ya miaka ya 1870 ilitaka zipelekwe Dublin zikahifadhiwe salama. Parokia zilizoonyesha kwamba zina mahali pazuri pa kuzitunza ziliruhusiwa kubaki nazo. Basi waliozipeleka kwenye usalama ndio waliozipoteza, na walioziacha kwenye sanduku la kanisani ndio walionazo mpaka leo.

Lakini usikubali mtu akwambie "yote yaliungua, usijisumbue". Kwanza, lawama nyingine si za moto huo. Sensa za 1861 na 1871 ziliharibiwa kwa amri ya serikali yenyewe, na za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa karatasi mpya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Pili, na hili ndilo kubwa, daftari za Wakatoliki hazikuwahi kuwa Four Courts, kwa sababu hazikuhesabiwa kuwa mali ya serikali. Wakatoliki ndio waliokuwa wengi wa nchi hii. Hata rejista za serikali za vizazi, ndoa na vifo zilikuwa ofisi nyingine. Zote hizo zipo, na nyingi unaweza kuzisoma bure ukiwa chumbani kwako.

Kitongoji ni kila kitu

Kosa linalowamaliza wengi ni kuanza na jina. Jina la ukoo hapa halikupeleki mbali. Murphy, Kelly, Sullivan, Byrne, Ryan: ni kama kwenda Tanga ukamuulizia Juma. Tena majina yenyewe yanabadilika. Herufi ya O' na neno Mac viliachwa na familia nyingi wakati wa utawala wa Kiingereza, kisha vikarudishwa baadaye, kwa hiyo Sullivan wa 1860 anaweza kuwa O'Sullivan wa 1911, mtu yule yule. Karani aliandika alivyosikia. Kearney anaandikwa Carney, na kinyume chake.

Kinachowatenganisha watu ni mahali. Ireland ina kaunti 32, chini yake mna parokia, na chini kabisa mna eneo dogo ambalo Mtanzania atalielewa upesi, maana ni kama kitongoji chetu. Vitongoji hivi vinazidi 60,000, vingine havina hata nyumba 10. Kila karatasi ya zamani imepangwa kwa kufuata ngazi hizo. Ukiwa na jina la kitongoji, milango inafunguka wenyewe. Ukiwa na "Ireland" peke yake, au hata "Cork" peke yake, utazunguka mpaka uchoke.

Jina la kitongoji halitafutwi Dublin kwanza. Linatafutwa huko alikokwenda mtu. Sensa za Marekani kwa kawaida husema tu kwamba mtu alizaliwa Ireland, basi. Ila daftari la ndoa la kanisa, jiwe la kaburi, tangazo la kifo gazetini, barua, Biblia ya familia, kadi ya kumbukumbu ya marehemu iliyochomekwa kwenye kitabu cha sala, hivi mara nyingi hutaja parokia au kijiji. Kama babu yako alifia Nairobi au Kampala, tafuta kwanza cheti chake cha ndoa na cha kifo huko huko, uliza kanisa alilofungia ndoa, tafuta pasipoti yake ya zamani. Na piga simu nyumbani. Muulize bibi kabla hujauliza kompyuta. Bibi akishaondoka, hakuna ofisi itakayokupa alichokuwa nacho.

Kurudi nyuma hatua kwa hatua

Ukishapata mahali, unaanza na unayemjua na kurudi nyuma kizazi kimoja kimoja, bila kuruka. Uandikishaji wa serikali wa vizazi, vifo na ndoa za Wakatoliki ulianza tarehe 1 Januari 1864. Ndoa za wasio Wakatoliki zilianza kuandikwa tangu 1845. Tovuti ya serikali, irishgenealogy.ie, inaonyesha picha za kurasa zenyewe bila malipo: vizazi vilivyopita miaka 100, ndoa zilizopita miaka 75, vifo vilivyopita miaka 50. Vya karibu zaidi ya hapo unaomba cheti na kulipia. Kwa kaunti sita za Ireland ya Kaskazini, baada ya nchi kugawanywa, kumbukumbu ziko upande wa Belfast na picha zake zinalipiwa.

Cheti cha kuzaliwa kinakupa jina la baba, kazi yake, na jina la mama la kwao kabla hajaolewa. Hilo la mama ni dhahabu. Cheti cha ndoa kinataja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi, pamoja na kazi zao, yaani unaruka kizazi kizima kwa karatasi moja. Cheti cha kifo cha zamani ni dhaifu, hakitaji wazazi kabisa, kwa hiyo usikitegemee kuunganisha ukoo.

Jambo moja la kuchekesha: wazazi waliochelewa kuandikisha mtoto walitozwa faini. Basi usishangae ukikuta mtoto kabatizwa kanisani tarehe 3 Machi, halafu kwenye rejista ya serikali kazaliwa tarehe 20 Machi. Hakubatizwa tumboni. Baba alikuwa anakwepa faini. Amini kanisa.

Kisha sensa. Zilizosalia nzima ni za 1901 na 1911, na zote ziko wazi bure kwenye tovuti ya Nyaraka za Taifa za Ireland, pamoja na picha za fomu. Mwaka 1921 haikufanyika kwa sababu ya vita vya uhuru. Ya 1926, ya kwanza ya nchi huru, ilifungiwa kwa miaka 100 na ikapangiwa kufunguliwa tarehe 18 Aprili 2026. Fomu ya 1911 isome polepole, hasa kwa upande wa mama wa nyumba. Kila mwanamke aliyeolewa aliulizwa ameolewa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi hai, na wangapi bado wako hai. Utakuta mstari unaosema tu: miaka 24, watoto 11, waliopo 7. Hakuna maelezo zaidi. Wajane hawakutakiwa kujibu swali hilo, lakini wengi walijibu, na karani akaja kuwapigia mstari. Chini ya mstari wa karani tarakimu bado zinasomeka.

Umri ni habari nyingine. Mtu wa miaka 55 mwaka 1901 unamkuta ana 70 mwaka 1911, na hakuna aliyekosea hesabu. Pensheni ya wazee ilipitishwa mwaka 1908 ikaanza kulipwa Januari 1909, shilingi 5 kwa wiki kwa maskini aliyetimiza miaka 70. Kwa mkulima mdogo wa magharibi hizo zilikuwa fedha. Tatizo, aliyefikisha miaka 70 wakati huo alizaliwa 1839 au kabla, na serikali ilianza kuandika vizazi 1864. Athibitishe vipi? Wazee wakaandika Dublin kuomba sensa za 1841 na 1851 zipekuliwe majina yao. Makarani wakapekua, wakajaza fomu kueleza waliyoyakuta: wazazi, ndugu, umri, kitongoji. Miaka michache baadaye sensa zikateketea, lakini fomu za wazee wa pensheni zilikuwa kwingine, zikabaki. Ziko mtandaoni leo, bure. Kwa familia kadhaa ndicho kipande pekee cha sensa ya kabla ya njaa kuu walichonacho.

Kanisani

Kabla ya 1864, kwa Mkatoliki, tegemeo ni daftari za parokia. Maktaba ya Taifa ilizipiga picha za filamu katikati ya karne iliyopita na mwaka 2015 ikaziweka zote wazi mtandaoni, parokia zaidi ya elfu moja, nyingi zikiishia karibu na 1880. Mijini zinaanza karne ya 18. Magharibi, kulikokuwa na umaskini zaidi, nyingi hazianzi mpaka miaka ya 1820 au baadaye, na hapo ndipo safari za watu wengi zinapokwisha.

Zimeandikwa kwa mkono, wino umefifia, na mara nyingi ni Kilatini. Waliosoma seminari hapa ndipo watakapotamba. Jacobus ni James, Gulielmus ni William, Brigida ni Bridget. Soma majina ya wasimamizi wa ubatizo, usiyaruke, kwa kuwa mara nyingi ni kaka na dada za wazazi. Ndoa kwa kawaida ilifungwa parokia ya bibi harusi, kwa hiyo ukikosa ndoa kwa mume nenda kwa akina mke.

Kuna desturi ya majina ambayo Wakikuyu wataipenda. Mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la baba wa baba, wa pili la baba wa mama. Hapo ni sawasawa na kwao. Kwa mabinti Waairishi walianza na mama wa mama, halafu mama wa baba, kinyume cha Wakikuyu. Si sheria, na wengi hawakuifuata. Inasaidia kukisia, haithibitishi kitu.

Pengo la kati linazibwa na makaratasi ya kodi. Kati ya 1823 na 1838 ziliandikwa daftari za fungu la kumi, ambalo wakulima walilipa kwa kanisa la Kianglikana hata kama wao ni Wakatoliki, na walipigana sana kwa sababu yake. Kati ya 1847 na 1864 Richard Griffith alisimamia uthamini wa ardhi nchi nzima, kitongoji kwa kitongoji, akitaja kila mkuu wa kaya aliyeshika nyumba au shamba na kila aliyemkodishia. Uthamini huu uko mtandaoni pamoja na ramani, kwa hiyo unaweza kwenda kusimama mahali penyewe. Ila unataja wenye nyumba tu. Wake, watoto na vibarua waliolala kwa wengine hawamo. Na wakati unafanyika, njaa iliyoanza 1845 ilishapita au bado inapita. Sensa ya 1841 ilihesabu watu zaidi ya milioni 8, ya 1851 milioni 6 na nusu. Watu kama milioni moja walikufa, na serikali ilikuwa haijaanza kuandika vifo. Mtu akikuta mwanzo wa babu zake na asikute mwisho wao, mara nyingi sababu ni hiyo.

Kearney wawili na Annie wawili

Mfano tunaoujua sote ni wa Barack Obama. Sisi tulishangilia Kogelo, Waairishi wakashangilia Moneygall, kijiji kidogo cha kaunti ya Offaly. Upande wa mama yake, kizazi cha tano nyuma, yupo Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu, aliyehamia Marekani mwaka 1850. Mwaka 2007 utafiti wa Marekani ulipofika kwenye jina la mahali, kasisi wa Kianglikana wa eneo hilo alipekua daftari za kanisa na kuwakuta akina Kearney. Familia ilikuwa ya Kanisa la Ireland, yaani kundi lililopoteza zaidi mwaka 1922, lakini daftari hilo halikuwa Dublin. Mei 2011 Obama alikuja mwenyewe Moneygall akanywa bia.

Sasa sikiliza. Waganda wanamjua Mama Kevin wa Nsambya, mtawa aliyefika Uganda mwaka 1903, akajenga hospitali na shule, na kuzikwa Nkokonjeru. Jina lake la kuzaliwa ni Teresa Kearney, wa kaunti ya Wicklow, aliyezaliwa 1875. Kearney na Kearney! Ukiwa kwenye hafla ya chama ungeshaunganisha Ikulu ya Marekani na Nsambya kabla chakula hakijaja. Usifanye hivyo. Huyu ni Mkatoliki wa Wicklow, yule ni Mwanglikana wa Offaly, na jina moja si undugu mpaka karatasi iseme.

Wakubwa wamekwama hapo. Tarehe 1 Januari 1892 kituo cha wahamiaji cha Ellis Island, New York, kilifunguliwa, na wa kwanza kupita alikuwa msichana wa Cork, Annie Moore, na wadogo zake wawili wa kiume. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba alihamia Texas, akaolewa na mtu wa ukoo maarufu na kufa kwa ajali ya tramu. Ndugu wa huko walialikwa kwenye sherehe. Mwaka 2006 mtafiti Megan Smolenyak, ambaye pia alishughulikia nasaba ya Obama, alionyesha kwamba Annie wa Texas alizaliwa Illinois. Hakupanda meli yoyote. Annie wa kweli hakutoka New York, aliishi kwenye mitaa ya maskini, akafa 1924, akazikwa kaburi lisilo na jiwe. Jiwe liliwekwa 2008.

Kwa wenye shida ya uraia

Tuseme babu mzaa mama alizaliwa Cork, akafanya kazi Mombasa. Utahitaji mnyororo usiokatika: cheti chake cha kuzaliwa, cheti cha ndoa yake, cheti cha kuzaliwa cha mama, cheti cha ndoa ya mama kama alibadili jina, kisha chako. Vyote viwe vile virefu vyenye majina ya wazazi. Cha Ireland huwa ndicho chepesi kuliko vyote. Kinachokata mnyororo kwa watu wetu ni cheti cha mama. Kama babu na bibi hawakufunga ndoa, na jina la babu halikuandikwa, unajulikana mtaa mzima kuwa mjukuu wa Mwairishi na kwenye faili huna babu. Kabla hujakata tamaa tafuta daftari la ubatizo la parokia ya huko nyumbani, maana padri aliweza kuandika jina ambalo ofisi ya serikali haikuliandika, na peleka suala lako kwa mwanasheria anayejua mambo ya uraia. Usilipe ada kwanza ukasubiri miujiza. Kipimo cha DNA kitakuonyesha binamu, ila hakikutajii kitongoji.

Na kwa walioangukia upande wa moto, yapo mapya. Juni 2022, miaka 100 baada ya Four Courts, mradi unaoongozwa kutoka Trinity College Dublin ulifungua hazina ya mtandaoni inayokusanya nakala za yale yaliyoungua kutoka maktaba na ofisi nyingine. Wanajua wanachotafuta, kwa kuwa Herbert Wood, mtunza kumbukumbu wa ofisi hiyo, alichapisha orodha ya yaliyokuwamo mwaka 1919, miaka 3 tu kabla. Hata mafurushi ya ngozi zilizoungua kingo, yaliyookolewa kwenye kifusi, yanafunguliwa taratibu.

Kwa walio Dublin, Nyaraka za Taifa ziko Bishop Street na Maktaba ya Taifa iko Kildare Street, unaweza kutembea kutoka moja hadi nyingine. Hakuna kiingilio. Nenda na kitambulisho uombe kadi ya msomaji, begi liache kwenye kabati, na uchukue penseli, kwa sababu kalamu za wino haziingii chumba cha kusomea.